Mpunga kwenye lambo la Handeni



Wiki hii nimeulizwa swali moja na watu kama saba hivi, wengine kwa kunipigia simu kabisa. Ile picha ya shangazi yangu, ameketi mlangoni, khanga begani, nimeitengeneza kwa programu gani? Mnasema inaonekana kama imechorwa, kama imebanduliwa ukutani. Jamaa yangu mmoja tuliyesoma naye chuo akaniambia niache uchoyo, nitaje tu jina aipakue kwenye simu yake.

Jamani, uchoyo sina. Jibu ni udongo. Na ni kweli ile picha imebanduliwa ukutani.

Shangazi anaishi Handeni, mwendo wa kilometa kama 65 kutoka kwetu Korogwe. Nyumba yake ya zamani ni ya miti na udongo, imekandikwa kwa mikono zaidi ya mara moja, na ukisogea karibu unaona vidole vya watu. Huko nyuma mtu alipitisha kiganja, udongo ukakauka, kiganja kikabaki. Asubuhi moja nilitoka mapema, nikaupiga picha ule ukuta mtupu, bila mtu. Shangazi alikuwa anafagia uwanja. Akaniuliza, "Baba, unatafuta nini hapo ukutani, mchwa?" Nikamwambia naupiga picha ukuta. Akaendelea kufagia, lakini nadhani siku ile alinionea huruma kidogo.

Wanaofanya kazi za picha huita kitu hiki tekscha, yaani ile sura ya uso wa kitu: nyufa za udongo, kutu ya bati, doa la chai kwenye karatasi, nyuzi za gunia. Unachukua picha ya uso huo, unailaza juu ya picha ya mtu au ya mahali kama leya, yaani tabaka, halafu unaiambia kompyuta izichanganye. Mtandaoni zimejaa tekscha za bure. Tatizo ni kwamba watu wote tunapakua zilezile. Nimeshaona ukuta mmoja wa Ulaya, ambao sasa naufahamu kama wa jirani, ukiwa nyuma ya bwana harusi wa Tanga, kwenye bango la injili na kwenye kasha la muziki. Ndiyo maana nikaanza kutengeneza za kwangu.

Ngoja niwape mambo yenyewe, maana najua ndiyo mliyoyataka.

Ya kwanza na rahisi kuliko zote ni chai ya rangi. Pika nzito, imwage kwenye karatasi nyeupe ya A4, ikunje, ikunjue, iache ikauke juani ikiwa na jiwe kila pembe. Kisha ipeleke kwa mwenye skana. Ukiskani kwa nukta 300 kwa inchi, A4 inakupa pikseli 2,480 kwa 3,508, inatosha kabisa kwa picha ya kuchapa kwenye karatasi ya ukubwa huohuo. Ukipanda hadi 600 unapata 4,960 kwa 7,016, karibu pikseli milioni 35, na laptopu yangu hapo huanza kulia kama jenereta.

Ya pili ni katani. Sisi wa Korogwe tumezaliwa tukiiona hadi hatuioni tena. Ililetwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na inasimuliwa kwamba katika miche kama elfu moja iliyoagizwa kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai. Mashamba yote yale ya Tanga yakaanzia kwenye miche 62! Basi, chukua nyuzi kavu za katani, zichambue mpaka zitengane, zitawanye juu ya kioo cha skana, funika na kitambaa cheusi. Dada mmoja mwenye stesheneri pale mjini alinifukuza mara ya kwanza: "Utanikwaruzia kioo changu." Alikuwa na haki. Nikarudi na ile nailoni ya kufunikia madaftari, nikaitandika kwanza. Nyuzi nyeupe kwenye weusi, zikitumiwa vizuri, zinatoa ile mikwaruzo ya filamu kuukuu ambayo watu huinunua kwa dola.

Ya tatu ni moshi. Kipande cha kioo cha fremu, kibatari, unakipitisha juu ya ndimi za moto kikipata masizi. Usikiache mahali pamoja, kitapasuka, mimi vimepasuka viwili. Halafu chora juu ya masizi kwa mwiba, au puliza tu, kisha kiinue dhidi ya mawingu na kukipiga picha.

Nyuso kubwa kama kuta, mabati na ardhi hazihitaji skana, simu inatosha. Ila shika simu sambamba na ukuta, usiiinamishe, na usisogee mno kwa sababu lenzi za simu huvuta pembe. La muhimu zaidi ni saa. Saa sita mchana ukuta wa udongo unakuwa bapa kama kadibodi. Saa moja asubuhi, au saa kumi na mbili kasoro jioni, jua linapita ubavuni mwa ukuta, na kila kokoto linatupa kivuli chake. Tekscha ni vivuli tu. Hakuna kivuli, hakuna tekscha. Shikeni hili, nitalirudia huko mbele kwa sababu isiyonipendeza.

Kwenye kompyuta natumia GIMP kwa kuwa ni ya bure. Mwenye Photoshop mambo ni yaleyale. Kwanza naondoa rangi kwenye tekscha ibaki nyeusi na nyeupe, la sivyo ukuta mwekundu wa Handeni utampaka mtu wekundu usoni. Kisha naiweka juu ya picha na kuchagua namna ya kuchanganya. Majina yake yapo kwenye menyu kwa Kiingereza na yanatisha watu bure, maana ni hesabu ya darasa la nne. Kompyuta inaipa kila nukta namba: nyeusi tii ni 0, nyeupe pe ni 1. Multiply inazidisha nukta ya juu kwa ya chini. Kitu mara 1 kinabaki kilivyo, kwa hiyo weupe wa karatasi yako ya chai unatoweka. Kitu mara 0 ni 0, kwa hiyo doa linabaki. Screen ni kinyume chake: weusi unatoweka, nyuzi nyeupe za katani zinabaki zikielea. Overlay inafanya yote mawili. Kijivu cha katikati hakiongezi wala hakipunguzi, kilicho cheupe kuliko hapo kinang'arisha, kilicho cheusi kinatia giza. Kwa ukuta wa udongo natumia hiyo, halafu napunguza nguvu ya leya hadi thelathini na kitu kwa mia.

Baada ya hapo nachukua brashi laini na kuifuta tekscha usoni. Uso wa mtu mzima una tekscha yake mwenyewe, hauhitaji msaada wangu. Kwa shangazi nilifuta usoni na mikononi, nikaiacha kwenye khanga na kwenye giza la mlango. Kazi nzima ni saa moja.

Sasa, msije mkadhani ujanja huu umeletwa na kompyuta. Pale Lamu alikuwepo fundi mmoja, Omar Said Bakor, ambaye kuanzia miaka ya 1960 alikuwa akikata na kubandika kwa mikono studioni kwake, akipandikiza sura za watu ndani ya maua. Alifariki mwaka 1993, kabla mambo ya leya hayajawa ya kila mtu. Na nyie wa umri wangu muulizeni baba yenu kama hana picha ya studio. Wa kwangu anayo, ya Korogwe, amesimama mbele ya pazia lililochorwa ndege inayopaa, mkono mfukoni, kama aliyekuwa akiisubiri. Ndege yenyewe mkia umepinda. Mzee hakuwahi kupanda ndege na hakuna mtu Manundu nzima aliyewahi kufikiri amepanda. Aliyepiga, aliyepigwa na aliyeitazama wote walijua lile ni pazia. Wanawake wa Lamu nao hawakuishi ndani ya waridi.

Nalisema hili kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kutumia tekscha mahali ambapo mtazamaji hakujua kuna pazia. Sijawahi kuisimulia hapa. Wanaoifahamu ni watu wa ofisini na wanakijiji wa kijiji kimoja.

Ilikuwa Oktoba 2022. Mnaukumbuka ule mwezi. Dar yenyewe ilikuwa kwenye mgawo wa maji, Ruvu imeshuka, watu wa Mikocheni wanabeba ndoo na kujipiga picha. Mhariri akaniambia, wewe si wa kule, hebu nenda Handeni utazame ambao mgawo kwao si habari. Nilifurahi. Shida ya maji Handeni ni ya tangu wazazi wetu hawajaoana. Lile bomba kubwa mnalolisikia, HTM, linachota maji Mto Pangani huku kwetu upande wa Korogwe na kuyapeleka kule, ni mradi wa tangu miaka ya 1970, na si kila kijiji kinafikiwa. Wasiofikiwa wanategemea malambo, watu na ng'ombe pamoja.

Nikafika kwenye lambo moja. Nilipokewa na mzee wa kamati ya maji ya kijiji, mtu mwembamba, kofia ya kiua, maneno machache. Lilikuwa limejaa tope kwa miaka, halichukui tena maji ya kutosha, na kamati ilikuwa ikiomba lichimbwe upya. Walikuwa na barua zao kwenye mfuko wa plastiki, nakala zote, mihuri yote. Nilihoji akina mama waliokuwa wakichota, nikahoji vijana wa mifugo. Habari ilikuwa nzuri. Nasema hivyo hata leo, kila neno katika ile habari lilikuwa kweli.

Picha ndiyo ilikuwa mbovu. Nilifika saa sita na nusu mchana, jua utosini. Maji yamebaki kidogo katikati, na pembeni ni tope la kijivu lisilo na kivuli. Kwenye skrini ilionekana kama sakafu ya saruji imemwagikiwa chai ya maziwa.

Nikarudi Korogwe, nikakaa na laptopu, saa tatu usiku, dawati linanipigia kila dakika kumi. Na kwenye laptopu nilikuwa na folda imeandikwa "nyufa". Miezi miwili kabla nilikuwa nimepita Mombo, mpunga umeshavunwa, majaruba yamekauka, na ule udongo mweusi ulikuwa umepasuka vipande vikubwa vyenye pembe kama vigae. Niliupiga jioni, jua limelala. Moja ya tekscha nzuri nilizowahi kupata.

Nikailaza juu ya kingo za lambo. Overlay, 35 kwa mia. Nikafuta palipo na maji, nikafuta miguu ya ng'ombe wawili waliokuwepo. Picha ikaamka. Nikajiambia kwamba ukame upo, mimi siubuni, ninaisaidia tu picha iseme kile macho yangu yalichokiona. Tena karatasi ya gazeti hunywa wino, kila kitu huvimba na kufifia, bila kukoleza kidogo msomaji haoni kitu. Sababu hii ya pili ni ya kweli kitaalamu, ndiyo maana ilinidanganya vizuri. Nikaandika maelezo ya picha, nikataja kijiji, nikataja lambo, nikatuma.

Ilitoka kubwa, safu nne. Ofisini nikapongezwa.

Siku ya tisa mzee wa kamati akanipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanyamaza kidogo.

"Mwandishi, gazeti lako ninalo hapa. Naomba unisaidie jambo moja."

"Ndiyo mzee."

"Huu mpunga tumeulima lini?"

Sikuelewa. Akasema niitazame picha, upande wa kushoto, chini. Nikaifungua ile ya asili, nikaikuza. Katikati ya nyufa kulikuwa na visiki vya mpunga, vifungu vifungu kwa mstari, vimekatwa kwa mundu. Nilikuwa nimevitazama mara hamsini nikaona "tekscha". Yeye alitazama mara moja kwenye karatasi ya gazeti iliyofifia na kuona shamba.

"Na kwato ziko wapi?" akauliza. "Ng'ombe wote wale wanakunywa hapo kila siku. Tope letu limekanyagwa, halijawahi kupasuka likakaa namna hiyo. Hapa si kwetu."

Kisha akanieleza kwa nini ananipigia. Kamati ilikuwa imekwenda kwenye kikao kuwasilisha ombi lao, wakabeba gazeti kama ushahidi, kwa fahari kabisa, wakalipitisha mkono kwa mkono. Ofisa mmoja akalitazama kwa muda, akacheka, akasema lambo hili lina mpunga. Kama picha ni ya kutengeneza, maelezo je? Watu wakacheka. Ombi likasogezwa kikao kijacho. Wazee wale walikuwa na mihuri yao yote ya kweli, na kitu pekee cha uongo kwenye ule mfuko wa plastiki ni kile nilichowapa mimi.

Mzee hakunitukana. Ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Basi, nilitaka kujua kama ni wewe au ni mtambo." Nikamwambia ni mimi.

Usiku ule nilisoma habari nilizokuwa nimefundishwa darasani na kuzifanyia mtihani. Agosti 2006, mpigapicha Adnan Hajj aliwatumia Reuters picha ya Beirut baada ya shambulio la Israeli, akiwa amenakili moshi na kuurudia ili uwe mwingi na mweusi zaidi. Moshi ulikuwepo kweli, mabomu yalianguka kweli. Wanablogu ndio waliogundua, kwa kuwa mawimbi ya moshi yalijirudia sawasawa kama kitenge. Reuters wakaacha kufanya naye kazi na kuondoa picha zake zote 920 kwenye hazina yao. Hebu fikirini, picha 920, na bila shaka nyingi hazikuwa na kosa. Kabla yake, Juni 1994, jarida la Time liliweka jaladani picha ya polisi ya O. J. Simpson iliyotiwa giza na msanii, wakati Newsweek wiki ileile waliitoa ilivyo. Zikaketi pamoja kwenye meza za wauza magazeti, na kila mpita njia akaona kilichofanyika kwenye ngozi ya mtu mweusi. Time walieleza kwamba ile ilikuwa kazi ya sanaa. Mtu aliyenunua aliiona kama picha ya polisi.

Darasani niliwacheka hawa. Hajj hasa, tulisema ni mvivu, angenakili kwa ustadi zaidi asingekamatwa. Ndiyo akili tuliyokuwa nayo mwaka wa pili. Mimi nilinakili kwa ustadi zaidi, na bado mtu anayejua kwato alinikamata.

Asubuhi nilimwendea mhariri mwenyewe kabla hajaitwa. Sitasema mengi. Nilipewa barua ya onyo, kukatoka masahihisho mafupi ukurasa wa ndani, maneno yasiyozidi hamsini, na kwa miezi kadhaa kila picha yangu ilidaiwa faili la asili. Ilikuwa haki. Kilichoniuma ni kwamba masahihisho yale hayakufika kwenye kile kikao. Magazeti tuna tabia hiyo, kosa hutoka safu nne, kukiri hutoka kama tangazo la kupotea kwa cheti.

Nikaomba ruhusa, nikapanda Coaster kurudi Handeni kwa nauli yangu. Nililala kwa shangazi, alfajiri nikachukua bodaboda. Mzee alikuwa keshafika lamboni. Nilipomwamkia na kuanza kuomba radhi, akaniacha nimalize, akasema, "Haya, sasa njoo uone."

Akanitembeza kingoni. Kwato za ng'ombe zilizama na kujaa maji ya kahawia, za mbuzi zilikuwa juu juu kama zimepigwa muhuri. Nyayo za watoto zilikwenda moja kwa moja hadi katikati, kwa sababu maji masafi kidogo yako katikati na mtoto ni mwepesi, hazami. Na pale ambapo mimi nilikuwa nimeona tope la kijivu tu kulikuwa na mistari. Meupe, membamba, moja juu ya nyingine kama ngazi za uwanja wa mpira, ikizunguka lambo lote. Kila mstari ni mahali maji yalipokuwa yamesimama kabla ya kushuka tena. Mzee akainyooshea fimbo: huu ni wa kabla ya maulidi, huu ni wa ile wiki uliyokuja wewe, huu ni wa juzi.

Ilikuwa saa moja asubuhi. Jua lilipita ubavuni mwa lambo, na kila mstari ukatupa kivuli chake, na kila kwato. Nilichokitafuta kwenye folda kilikuwa palepale siku zote, kilikuwa kinasubiri saa yake. Na mimi ndiye niliyekuwa nafundisha watu habari za saa! Nilipiga picha nyingi. Nilizifungua kwenye kompyuta, nikasawazisha mwanga, basi. Moja ilitoka gazetini wiki chache baadaye, safu mbili, haikusifiwa na mtu.

Lambo halijachimbwa hadi leo ninapoandika. Bajeti ina mambo mengi, siwezi kujibebesha yote. Kile kikao kimoja nakibeba.

Tangu hapo nimebadilisha vitu vichache katika kazi yangu ya tekscha, na mwenye kutaka anaweza kuiga. Folda ya "nyufa" haipo tena. Kila faili lina jina la mahali, mwezi na saa: Mombo, majaruba, Agosti, jioni. Nikilifungua, jambo la kwanza ninalosoma ni kwamba ule ni udongo wa mtu fulani, si "nyufa" tu. Picha za gazeti zinakaa kwenye diski nyingine kabisa, na laptopu inayozitumia haina GIMP. Mtaniona mshamba, sawa. Mlevi aliyeacha haweki chupa sebuleni. Na picha ninazowatumia hapa zikiwa na tekscha nasema zina tekscha. Ile ya shangazi sikusema, ndiyo maana mkauliza, na ndiyo maana nimeandika haya yote.

Shangazi nilimpelekea nakala iliyochapwa. Aliishika mbali na macho, kisha karibu. "Mbona umenipaka udongo?" Nikamwambia si udongo wowote, ni wa ukuta wake, nikamwonyesha pale kiganja kilipo, karibu na bega. Akakitazama kwa muda mrefu, akataja jina la marehemu mdogo wake, ambaye ndiye aliyemkandikia upande ule. Mimi sikujua. Nyumba yenyewe ilibomolewa mwezi uliofuata, wanawe wamemjengea ya tofali na bati. Anaipenda mno, hasa kwa sababu mchwa hawaingii. Picha ameitundika sebuleni, pembeni ya kalenda.

Siku ileile nilipitia lamboni kumsalimia mzee. Nilikuwa na nakala ya pili, ile ya mistari na kwato, nimemchapishia kubwa. Akaipokea, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na barua. Nikamuuliza kama anataka na lile gazeti la kwanza, ninazo nakala mbili za ziada.

"Hilo wapelekee wenye mpunga," akasema.